Famasia imembadilishia mama dawa ya thairoidi bila kutuambia. Sheria ya Minnesota inasemaje?

MzawaMarangu (Brooklyn Park, Minnesota)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa mnaofanya kazi za famasia huku Marekani.

Mama yangu ana miaka 68. Alitolewa rovu mwaka 2009 huko nyumbani, wakaondoa tezi yote, na tangu hapo anameza levothairoksini kila asubuhi. Nyumbani alikuwa akipata Eltroxin, ile ya boksi. Alipokuja kukaa nasi miaka mitatu iliyopita, daktari wa hapa akamwandikia Synthroid, yaani levothairoksini yenye jina la chapa, ya mikrogramu 100, ikamkaa vizuri. Kipimo chake cha damu cha TSH (namba ikipanda sana, dawa haimtoshi) cha Julai kilikuwa 2.1, sawa kabisa.

Mwanzoni mwa Desemba mume wangu alipita kwenye dirisha la magari la famasia akachukua chupa ya miezi mitatu. Hakuna aliyemwambia neno. Mama ndiye aliyegundua. Ana kawaida ya kumimina vidonge vyote kwenye sahani na kuvihesabu, na siku hiyo akaniita jikoni: "Mwanangu, hizi dawa si zangu." Rangi ni ileile ya njano, lakini vyake vilikuwa vya mviringo na hivi ni virefu kama mbegu ya tikiti, na vina herufi nyingine kabisa. Nikasoma lebo: levothairoksini, na chini kwa maandishi madogo kwamba imetolewa badala ya Synthroid.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea akasema, "Ni kitu kilekile, sheria inaturuhusu." Nikauliza sheria ipi. Akaniambia nisubiri, nikasikiliza muziki dakika kumi na moja, kisha simu ikakatika.

Sasa ni wiki tano mama anavimeza shingo upande. Anasikia baridi akiwa na mablanketi mawili, saa nane mchana anasinzia kwenye kiti, na choo kimekuwa kigumu. Yeye hana shaka kwamba ni dawa feki. Mimi nina shaka pande zote, maana ni Januari, na Minnesota nzima inasikia baridi.

Ninachotaka kujua: kweli mfamasia anaweza kubadilisha dawa aliyoandika daktari bila hata kumpigia simu? Mbona binti wa mama mdogo aliyeko Raleigh, North Carolina, anayetumia dawa hiyohiyo, anasema kwao famasia haigusi kitu mpaka daktari wake na yeye mwenyewe wakubali? Hii ni sheria moja ya nchi au kila jimbo lina yake? Na nikienda kudai ile ya zamani, wanaweza kunikatalia?

---

Mfamasia_wa_Tanga (St. Paul, Minnesota)

Dada yangu, pole, na mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni mfamasia, nina miaka 12 nyuma ya kaunta hapa St. Paul.

Nianze na afya kabla ya sheria. Mama asiache kumeza hivyo vidonge. Mtu aliyetolewa tezi yote hana akiba nyingine mwilini. Kesho asubuhi mwandikie daktari wake: taja tarehe dawa ilipobadilika, taja baridi, usingizi na choo, uombe TSH. Dawa hii hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua kama siku 7, ndiyo maana baada ya mabadiliko yoyote tunapima wiki ya 6 hadi ya 8. Ninyi mko karibu kabisa na muda huo, na dalili zipo.

Si dawa feki. Imeidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Lakini mama alikuwa na haki ya kuambiwa, na hilo ndilo linaloniuma kwenye maelezo yako.

Sheria hapa zina ngazi mbili. Serikali kuu, kupitia FDA, ndiyo inayoidhinisha dawa ya jeneriki, yaani dawa ileile isiyo na jina la chapa, na kutangaza ipi inalingana na ipi. Orodha hiyo tunaiita Orange Book kwa sababu ya jalada lake la rangi ya chungwa, na ilianza kutolewa mwaka 1980. Ila nani abadilishe, lini, na kwa ruhusa ya nani, hayo ni ya jimbo. Ndiyo maana mama na ndugu yako wa Raleigh wanameza dawa moja chini ya sheria mbili.

Minnesota tuna kifungu cha 151.21. Kinasema hivi: kama daktari hakuonyesha kwamba dawa itolewe kama ilivyoandikwa, na famasia ina jeneriki ya bei nafuu ambayo mfamasia kwa taaluma yake anaona inaweza kukaa mahali pake salama, basi mfamasia *atatoa* ile jeneriki. Sheria haimwachii hiari hapo, inamwagiza. Kwa hiyo yule dada wa kwenye simu hakudanganya.

Lakini alikata sentensi katikati. Kifungu hichohicho kinataka mfamasia amjulishe mnunuzi kwamba anampa kitu tofauti na kilichoandikwa, na kinampa mnunuzi nafasi ya kukataa. Akikataa, habadilishiwi. Daktari akitaka kuzuia, kwenye karatasi anaandika kwa mkono wake "dispense as written" (itolewe kama ilivyoandikwa) au kifupi chake D.A.W., na kwenye cheti cha kielektroniki anaweka alama inayomaanisha hivyo, na hapo mfamasia amefungwa mikono. Pia sheria inataka nafuu ya bei imfikie mnunuzi, isiishie kwa duka.

Sasa, mnunuzi siku hiyo alikuwa nani? Shemeji, akiwa ndani ya gari, injini inawaka. Muulize kama aliweka saini kwenye kioo kidogo. Mara nyingi kabla ya saini kioo kinauliza kama una swali kwa mfamasia, na watu wenye haraka hubonyeza "hapana". Wengi hudhani wamebonyeza kitu cha malipo. Siwatetei waliokuwa dirishani, walipaswa kufungua mdomo. Nakuonyesha tu mahali ambapo neno lilipotea.

Maswali mawili, naomba unijibu kwa uhakika. Chupa ya zamani ya Synthroid iliisha au bado ipo kabatini? Na tangu Oktoba hivi, mama ameanza dawa nyingine yoyote, hata vitamini za dukani?

Naeleza kwa nini nauliza la kwanza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpa mzee mmoja kutoka Bujumbura wafarini, badala ya Coumadin aliyokuwa akitumia kupunguza kuganda kwa damu. Nilimwambia "ni kitu kilekile" kwa Kiingereza, nikamfungia mfuko. Mzee alifika nyumbani akaona chupa mbili zenye majina mawili, akaamini ni dawa mbili. Akameza zote mbili kila jioni kwa siku nne mpaka fizi zikaanza kutoa damu. Mwanawe akamkimbiza hospitali, akapona. Mimi ndiye niliyemwona mwishoni kwenye kaunta na sikufungua chupa kumwonyesha. Tangu siku ile sitoi jeneriki ya mara ya kwanza bila kufungua kifuniko mbele ya mwenyewe, nikaweka kidonge kimoja juu ya trei ya kuhesabia na kusema: hiki ndicho kinachochukua nafasi ya kile, kile cha zamani usikimeze tena.

---

Kigogo_Houston

Mimi siamini hizi jeneriki, na nitasema wazi. Nilisoma kwamba zinaruhusiwa kuwa na asilimia 20 pungufu ya dawa yenyewe. Yaani mama anaandikiwa 100 anapewa 80! Hii yote ni mipango ya kampuni za bima kubana pesa. Huku Texas nilimwambia daktari wangu aandike "brand medically necessary" (chapa ni lazima kiafya) kwa mkono wake, na tangu hapo hakuna aliyenigusa. Dada, fanya hivyo kwa mama yako. Mzazi hana mbadala.

---

Baba_Eliya (Greensboro, North Carolina)

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, tuko hapa Greensboro tangu 2016. Dada, ndugu yako wa Raleigh amekuambia kweli.

Mtoto wangu ana kifafa, ana miaka tisa, anameza kabamazepini. Hapa North Carolina kuna orodha ya dawa ambazo tofauti ndogo ya kipimo inaweza kuleta hatari, na levothairoksini ya mama iko humo, pamoja na kabamazepini, fenitoini, wafarini, lithiamu na nyingine chache. Mkirudi kuchukua tena dawa ya orodha hiyo, famasia inapaswa kutoa ya kiwanda kilekile. Wakitaka kubadilisha kiwanda, munganga ajulishwe kwanza, na yeye na mgonjwa wakubali, na kukubali huko kuandikwe.

Nawaeleza ilivyotupata. Mwaka jana famasia ilinipigia simu siku ya Ijumaa: kiwanda chetu hakipatikani kwa wauzaji wa jumla, wana cha kiwanda kingine. Mimi nikakubali palepale. Lakini munganga alikuwa ametoka, ofisi imefungwa mpaka Jumatatu. Nyumbani tulikuwa na vidonge vya siku tatu tu. Zile siku tatu sikulala, kila usiku naenda kumsikiliza mtoto anavyopumua. Jumatatu saa nne ruhusa ikapatikana.

Sheria hii naipenda, imemlinda Eliya. Lakini inahitaji muda, na ninyi msingoje chupa iishe. Sasa mimi naagiza ikibaki wiki moja na zaidi. Na nikipokea chupa mpya naisoma hapohapo kwenye kaunta, jina la kiwanda limeandikwa kwenye lebo yetu, nalilinganisha na chupa ya zamani kabla sijaondoka.

---

Mfamasia_wa_Tanga

Baba Eliya, asante sana, na Mungu amlinde mtoto. Nimefurahi umelitaja la siku tatu. Watu wengi wanaodai sheria kali zaidi hawaoni kwamba kila ruhusa inayoongezwa ni simu ya kusubiri kupokelewa, na mgonjwa ndiye anayesubiri.

Kaka wa Houston, haki ya kukataa jeneriki unayo na siigusi. Lakini hiyo hesabu ya 80 si sahihi, na imewatia hofu watu wengi, kwa hiyo nitaieleza.

Kidonge cha mikrogramu 100 kina mikrogramu 100, iwe ya chapa au jeneriki. Kwa levothairoksini FDA ilibana zaidi mwaka 2007: nguvu ya kidonge lazima ikae kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa mpaka siku ya mwisho ya matumizi, na amri hiyo iliwahusu wote, Synthroid pia. Ile asilimia 80, ambayo huenda pamoja na 125, ni ya kitu kingine. Kampuni ya jeneriki huwapa watu dawa zote mbili kwa nyakati tofauti, inapima kwenye damu kiasi kilichoingia, kisha inalinganisha. Uwiano huo si namba moja, una nafasi ya kuyumba kitakwimu, juu na chini. Nafasi *yote* hiyo ndiyo inayotakiwa kukaa ndani ya 80 na 125. Dawa ambayo kweli inaingia mwilini pungufu kwa asilimia 20 haiwezi kupita, kwa sababu nusu ya nafasi yake ingemwagika nje ya mpaka. Wataalamu wa FDA walichapisha mwaka 2009 hesabu ya majaribio 2,070 ya aina hii, na tofauti ya wastani ya kiasi kinachoingia ilikuwa kama asilimia 3.5.

Kuhusu pesa, ni kweli bima inapenda jeneriki. Lakini pesa ilivuta upande wa pili pia, na kwa dawa hiihii ya mama. Kampuni iliyokuwa inauza Synthroid ilimlipia mtafiti wa chuo kikuu cha California, San Francisco, Betty Dong, ailinganishe na levothairoksini nyingine tatu. Kazi ikaisha mwaka 1990. Jibu: zote nne zinalingana. Kampuni haikulipenda. Mkataba ulikuwa na kipengele cha kutochapisha bila idhini yake, na makala iliyokuwa tayari kutoka kwenye JAMA, jarida la madaktari, ikaondolewa mwanzoni mwa 1995. Ilichapishwa Aprili 1997. Miaka saba watu walilipia jina wakati jibu limo kabatini.

Na hata sheria zenyewe zilianzia upande huo. Katika miaka ya 1950 majimbo mengi yalipitisha sheria za kumkataza mfamasia kubadilisha chapa, na sababu ya kwanza ilikuwa dawa bandia zilizokuwa zikipitishwa kama za chapa. Hofu ya mama haikuanzia Kilimanjaro peke yake. Miaka ya 1970 majimbo yakaanza kuzifuta, moja baada ya jingine, kisha 1984 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyozifungulia jeneriki njia fupi ya idhini. Leo takriban dawa 9 kati ya 10 zinazotolewa hapa kwa cheti cha daktari ni jeneriki.

Kila jimbo limebaki na maneno yake. New York daktari anaweka herufi "daw" kwenye kisanduku cha cheti. Massachusetts anaandika "no substitution" (isibadilishwe). Pennsylvania ni "brand necessary" au "brand medically necessary". Mkihama jimbo msidhani daktari mpya ataendeleza neno la yule wa zamani, mkumbusheni.

Sasa turudi kwa mama. Kwa levothairoksini kuna jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu hulipita. Kwenye Orange Book haina alama moja tu ya AB, ile inayosema dawa zinalingana, ina AB1, AB2, AB3 na AB4. Bidhaa zenye namba inayofanana ndizo zilizothibitishwa kulingana kati yao. Kwa hiyo kuona AB peke yake hakutoshi, lazima namba zikutane. Kesho waulize mfamasia, si wa dirishani, mfamasia mwenyewe: "Hii ya mama na Synthroid zina namba inayofanana?" Ana dakika moja tu ya kuangalia.

Na nikueleze ushauri ambao ningempa mama yangu mzazi: si lazima apigane kurudi Synthroid. Anachohitaji ni kubaki kiwanda kimoja. Kifungu chetu cha Minnesota kinazungumzia chapa kubadilishwa kuwa jeneriki. Mtu akishakuwa kwenye jeneriki, mwezi huu anaweza kupewa ya kiwanda hiki na mwezi ujao ya kingine, kufuatana na kilichopo stoo, na huko ndiko TSH inakoweza kuyumba bila mtu kujua sababu. Mwombe mfamasia aandike kwenye faili lake kiwanda asichobadilishiwa bila kuuliza. Wengi wetu tukiombwa tunafanya.

Ukiamua kurudi kwenye chapa, uliza kwanza bima. Daktari akisema chapa ni lazima, tunaingiza alama ya 1. Mgonjwa akiitaka mwenyewe, tunaingiza ya 2, na kwenye bima nyingi hiyo ya 2 inakutwisha tofauti yote ya bei. Nimeona watu wakirudi nyumbani bila dawa kwa sababu ya tofauti ya namba hiyo tu.

---

Nuru_Mbeya

Nawasalimu kutoka Mbeya. Mimi ni muuguzi, siwezi kusema lolote juu ya sheria za huko, lakini naomba nimzungumzie mama.

Dada, mama hakatai jeneriki. Amekula jeneriki maisha yake yote. Dawa ya mseto ya malaria, ile ALu, zahanati nyingi wanatoa ya jeneriki, inaletwa na Bohari ya Dawa. Anachokikosa ni boksi. Huku kwetu mgonjwa anapewa stripu, anageuza nyuma, anasoma tarehe ya mwisho kwa macho yake, anaona kila kidonge kimefungwa peke yake. Tumewafundisha sisi wenyewe: dawa isiyo na stripu usinunue, iliyomiminwa kwenye karatasi usinunue. Sasa amefika huko anakabidhiwa chupa moja ambayo mtu asiyemwona amehesabia vidonge ndani. Kwa mafunzo tuliyompa, hiyo ndiyo sura ya dawa feki.

Hata Synthroid alipewa kwenye chupa hiyohiyo, nadhani, lakini alikuwa ameshakizoea kidonge chenyewe. Kilipobadilika hakubakiwa na kitu cha kushika.

Mpelekeni aone zinapotoka.

---

Mfamasia_wa_Tanga

Dada Nuru, hilo sikuwa nimeliona hivyo na miaka yote niko hapa. MzawaMarangu, msikilize. Kila famasia ina kopo kubwa la kiwandani ambalo vidonge vinatolewa humo, lina jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Omba mlione. Na herufi zilizochongwa kwenye kidonge si urembo, FDA inazidai ili kila kidonge kitambulike kimetoka wapi, mama anaweza kuzilinganisha mwenyewe na picha. Kama Kiingereza kinamsumbua, ombeni mkalimani wa Kiswahili kwa simu.

Na bado hujanijibu yale maswali mawili.

---

MzawaMarangu

Ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya siku tisa. Mama amepokea salamu zote, anasema marahaba kwa Mfamasia na anamshukuru Nuru kwa jina lake.

Majibu kwanza. Chupa ya zamani ilikuwa imeisha, nilikagua kabati lote, na hata mkoba wake wa kanisani. Hamezi mbili. Lakini swali la pili lilinipiga. Mwishoni mwa Novemba kliniki ilimwambia mifupa yake ni dhaifu, wakamwandikia kalsiamu. Nilimnunulia mimi mwenyewe. Na yeye, kwa kuwa anapenda mambo yake yaende pamoja, alikuwa akimeza kalsiamu na ya thairoidi mara moja, saa moja asubuhi, na chai ya maziwa juu yake. Wiki zilezile dawa ilipobadilika. Sote tulikuwa tunatazama umbo la kidonge.

Daktari alikubali kipimo siku ya pili yake. TSH imetoka 7.8. Anasema kalsiamu huzuia levothairoksini isiingie vizuri, ziachane kwa saa nne, na chai ingoje angalau nusu saa. Hakuongeza kipimo. Anataka jambo moja libadilike kwanza ili ijulikane lipi lilikuwa lipi, kwa hiyo kalsiamu imehamia jioni baada ya chakula na kidonge kimebaki hikihiki cha jeneriki, cha kiwanda hikihiki. Nilimwuliza kama aandike "dispense as written". Akasema yuko tayari, lakini tusubiri kipimo kijacho, maana akirudisha Synthroid leo na TSH ikashuka hatutajua ni kwa sababu gani.

Famasia tulikwenda Jumamosi, mimi na mama, kwa miguu yetu mpaka kaunta. Mfamasia wa zamu alikuwa mtu mzima, akatusikiliza. Akafungua kompyuta akatuambia namba zinakutana. Akaomba radhi kwamba hatukuambiwa siku ile. Mume wangu, nilipomwuliza, anakumbuka alibonyeza kitu kwenye kioo lakini hajui alibonyeza nini.

Kisha nikaomba kopo. Mfamasia alisita kidogo, halafu akaenda nyuma akarudi nalo, kopo jeupe. Mama akavaa miwani. Akanitaka nisome kwa sauti tarehe ya mwisho, nikasoma, mwaka kesho mwezi wa nane. Akanitaka nisome tena. Akatoa kidonge kimoja kutoka kwenye chupa yake akakiweka kando ya vile vya kopo, akavigeuza vyote viwili kwa ncha ya kidole, akatazama herufi. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu na mfamasia hakumharakisha, kwa hilo namshukuru.

Wameandika kwenye faili lake kwamba kiwanda kisibadilishwe bila kutupigia simu. Namba waliyoandika ni yangu, si ya mume wangu.

Mama ameandika jina la kiwanda kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino, na kwenye chupa ya kalsiamu ameandika JIONI. Usingizi wa mchana bado upo, ingawa jana alikaa macho mpaka saa kumi akinisaidia kukunja nguo. Kipimo kingine ni wiki ya mwisho ya Februari. Nitakileta hapa.